Taa za tahadhari kwenye gari la mzimamoto wa kujitolea: maswali ninayoulizwa gereji, Mtwara

Mimi ni fundi umeme wa magari, Mtwara mjini. Nikishafunga gereji, simu ikilia natoka na wenzangu wa kikundi cha kujitolea cha kata. Moto wetu mwingi huja kati ya Agosti na Oktoba, majani yamekauka na kusi haijatulia sawasawa. Mtu anachoma majani chini ya mikorosho, upepo unageuka, na kabla hajamaliza kusema "nilikuwa nachoma kidogo tu" paa la makuti la jirani limeshaanza kutoa moshi. Sisi hufika na magari yetu wenyewe: Noah, Probox, IST, pikapu ya shemeji. Ndiyo maana kila msimu wanakuja vijana gerejini na boksi la taa kutoka Kariakoo mkononi. Maswali yao ni yaleyale, basi nimeyaweka hapa.

Fundi, nifungie kimulimuli chekundu na buluu, kama cha zimamoto wenyewe. Inawezekana?

Kukifunga hakunishindi. Kutembea nacho ndiyo kasheshe. Vimulimuli na ving'ora ni vya magari ya dharura: zimamoto, ambulensi, polisi. Gari lako lina namba ya njano, ni la mtu binafsi, na kuwa kwako mwanachama wa kikundi hakuligeuzi kuwa gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Trafiki wana operesheni zao za kuvivua vimulimuli barabarani, na wakikukuta hawatakuuliza kama nia yako ilikuwa njema. Kwangu nyekundu na buluu siwafungii watu binafsi. Wapo wanaokasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Waende tu.

Mbona Marekani wazimamoto wa kujitolea wanafunga kwenye magari yao? Nimeona video.

Umeona kweli. Kule sehemu kubwa ya wazimamoto ni wa kujitolea, wanaitwa wakiwa nyumbani au kazini, na kila jimbo lina kanuni zake. Jimbo la New York mzimamoto wa kujitolea hupewa taa ya buluu, na anayejitolea kwenye ambulensi hupewa ya kijani. Lakini video haikukuonyesha jambo moja: taa ile ya buluu ni ya kuomba njia tu. Haimpi ruhusa ya kupita taa nyekundu wala kuvuka mwendo uliowekwa. Dereva wa mbele akiamua kutompisha, hajavunja sheria. Uingereza nako, wazimamoto wa kuitwa huenda kituoni na magari yao kama raia wengine, kisha taa za buluu wanazikuta kwenye gari la zimamoto.

Kwa hiyo ukimwambia trafiki wa hapa stendi kwamba "Marekani wanaruhusu", jua kwamba hata huko hawakuruhusu unachotaka kukifanya.

Sasa wewe unafunga nini?

Nafunga taa za njano za kukuonyesha ukiwa umesimama, taa nyeupe ya kazi ya kumulika eneo, na karatasi za kung'aa ubavuni na nyuma ya gari. Hizo karatasi watu wanazidharau kwa sababu hazina waya. Hazili umeme, haziungui, na gari linalokuja na taa za mbele linaziona tangu mbali hata betri yako ikiwa imekufa. Nyekundu weka nyuma, nyeupe mbele, usizichanganye. Gari lenye nyekundu mbele humfanya dereva wa usiku adhani anakuona mgongo.

Hiyo ya njano nayo inahitaji kibali?

Kabla sijatoboa paa lako, nenda ofisi ya usalama barabarani ya mkoa na barua ya kikundi iliyopitia kwa mtendaji wa kata, na uoneshe Jeshi la Zimamoto wanakutambua. Eleza taa gani, rangi gani, itawaka wakati gani. Ukijibiwa kwa maandishi, toa nakala, moja ikae kwenye gari. Ukijibiwa hapana, basi ni hapana, tutabaki na karatasi za kung'aa, hazadi (taa za pembeni za gari zinazowaka na kuzima zote pamoja) na taa ya kazi. Wengi huniambia "fundi wewe funga, hayo ya barua baadaye." Baadaye yenyewe huwa ni saa tano usiku, mbele ya askari mwenye tochi.

Kama hainipi njia, ya nini sasa?

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Fikiria barabara ya Mtwara kwenda Lindi, usiku, kabla hujafika Mnazi Mmoja. Moto wa majani umefika ukingoni mwa lami. Moshi umelala chini kwa sababu upepo umekata. Wewe umeegesha Probox yako nusu kwenye lami, nusu kwenye mchanga, boneti iko wazi, na vijana wanne wanashusha ndoo na matawi upande wa nyuma. Linakuja lori la korosho limejaa hadi juu. Dereva ametoka Masasi, macho yanamuuma, na moshi anauona mita chache tu kabla haujammeza. Haoni watu. Anaona wingu jeupe linalorudisha mwanga wa taa zake machoni pake. Taa pekee atakayoiona mapema ni iliyo juu, inayowaka na kuzima, ambayo haifanani na jicho la ng'ombe wala tochi ya bodaboda.

Taa ninayofunga ni kwa ajili ya dakika hiyo. Wakati wa kwenda unakwenda kama raia: kilomita 50 kwa saa penye makazi, kwenye pundamilia unasimama, mtoto akivuka unamsubiri. Ukichelewa dakika tatu moto utakuwa mkubwa kidogo, ndiyo. Ukimgonga mtu njiani, hutafika kabisa, na wenzako watauacha moto waje kwako.

Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Barabara ikikatika namna ile, anayehitajika kwanza ni mtu wa kusimama upande huu wa shimo na kuonekana na basi linalokuja. Mwendo kasi hauna kazi pale.

Waya unaupitisha vipi? Nataka nifunge mwenyewe.

Soma hapa polepole.

Anza na namba. Angalia wati za taa, gawanya kwa 12, umepata ampea. Taa ya LED ya wati 72 inakula ampea 6. Kile kimulimuli cha zamani cha kuzunguka, chenye globu ya wati 55, kinakula karibu ampea 4 na nusu peke yake, ukifunga viwili umefika 9. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko hesabu hiyo: kwa ampea 6 weka ya 10. Usiweke ya 30 "ili isikatike". Fyuzi kazi yake ni kukatika. Usipoiachia ikatike yenyewe, kitakachokatika ni waya.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kiasi cha shibiri moja. Watu huiweka chini ya dashibodi kwa sababu ni rahisi kuifikia, na kwa hiyo mita nzima ya waya kutoka betri hadi pale haina ulinzi wowote, na ndiyo mita inayopita kwenye mabati makali na karibu na injini.

Waya tumia wa milimita za mraba 2.5. Hesabu yake hii hapa: kutoka betri hadi paani ni kama mita 5. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba, kwa ampea 6, utakupotezea karibu volti nzima njiani, na volti hiyo haijapotea hewani, imekuwa joto ndani ya waya. Wa 2.5 unapoteza robo ya volti hata haifiki. Na uwe shaba kweli. Ukwangue kwa kisu: ukiona rangi nyeupe ndani, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa.

Umeme wa taa upite kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo, usipite kwenye swichi ya dashibodi. Rilei ya kawaida ina miguu minne yenye namba: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni ya koili inayoiamsha rilei, mmoja kwenye swichi na mwingine kwenye ethi, yaani bodi ya gari inayorudisha umeme kwenye betri. Hivyo swichi yako ndogo ya dashibodi inabeba umeme kidogo sana wa kuiamsha rilei, na mzigo wenyewe unabebwa na kitu kilichotengenezwa kuubeba. Mteja mmoja alileta swichi iliyoyeyuka ikashikana na plastiki ya dashibodi. Alikuwa amepitisha ampea 10 kwenye swichi ya taa ya chumbani.

Waya ukitoka chumba cha injini kuingia ndani ya gari lazima uvuke bati. Tafuta tundu lililopo lenye mpira wake. Ukitoboa jipya, lipige msasa, lipake rangi, kisha litie mpira. Bati tupu litaula waya kidogo kidogo kwa mtikisiko, na njia zetu za kwenda vijijini unazijua.

Ethi ishike bati lililokwanguliwa hadi likang'aa. Ukifunga juu ya rangi, taa itawaka leo, kesho itapepesa, keshokutwa utaniambia taa ni mbovu.

Umeshawahi kuharibu?

Ndiyo, gari langu mwenyewe. Nikiwa bado najifunza nilifunga taa ya juu kwenye Probox yangu bila fyuzi, nikasema nitaiweka Jumatatu. Jumamosi usiku napanda kutoka Mikindani, nikasikia harufu ya raba. Nikadhani ni breki. Nikashusha kioo, harufu ikazidi. Nilipofungua boneti nikakuta waya umekuwa laini kama tambi, ngozi yake imeteremkia kwenye betri, na shaba inang'aa rangi ya kaa la moto pale ilipogusa bati. Niliing'oa terminali kwa mkono niliouzungushia shati. Kovu liko bado kwenye kidole gumba. Mzimamoto wa kujitolea aliyeunguza gari lake kwa taa ya zimamoto. Wenzangu walilisema hilo mwaka mzima.

Betri itahimili taa ikiwaka saa ngapi, injini ikiwa imezimwa?

Chini ya unavyodhani. Betri ya gari dogo ni kama ampea-saa 45. Taa ya juu ampea 6, hazadi nazo: globu nne za wati 21 ni ampea 7, ila kwa kuwa zinawaka na kuzima hesabu nusu, 3 na nusu. Jumla 9 na nusu. Saa tatu umekula zaidi ya 28, yaani zaidi ya nusu ya betri mpya. Betri yako si mpya.

Pima kwa mita: 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Ikishuka hapo washa injini au zima taa. Nami hufunga kikata-umeme kidogo kinachozima taa volti zikishuka, kwa sababu saa nane usiku hakuna anayekumbuka kupima, na kulisukuma gari kwenye mchanga baada ya kuzima moto ni adhabu.

Niiweke wapi?

Juu kadiri inavyowezekana, kwa sababu boneti na mlango wa nyuma vikiwa wazi vinafunika taa za chini. Keria ya paani ni nzuri: bolti mbili, hutoboi bati.

Ukitaka ndani, nyuma ya kioo cha mbele, jihadhari na mambo mawili. Mwanga utagonga kioo na kukurudia machoni, kwa hiyo tengeneza ukingo mweusi unaobana taa kabisa kwenye kioo. La pili ni eabegi. Chochote kilichokaa juu ya dashibodi mbele ya abiria, eabegi ikifumuka, kitarushwa usoni kwake. Baadhi ya magari yana eabegi za pembeni hata kwenye nguzo za kioo, usipitishe waya mbele yake. Na soketi za njano chini ya dashibodi ni za eabegi: usiziguse, usizichomekee testa.

Ile ya sumaku, ya kuchomeka kwenye kichomeo cha sigara?

Kwa kusimama, sawa. Kwa kutembea nayo, hapana. Upepo wa mwendo mkubwa unaing'oa, na sumaku ikinasa vumbi inakwangua rangi. Hapa kwetu kukwangua rangi ni kukaribisha kutu. Za kunyonya kioo kwa raba, joto la mchana wa Mtwara linazilegeza hadi zikuangukie mapajani.

Mbona taa yangu ilikufa ndani ya miezi sita? Ilikuwa mpya.

Unakaa Shangani au Mikindani? Basi ni chumvi. Upepo wa bahari unaingia kwenye kila kiungo. Fungua tepu utakuta shaba imefanya ukungu wa kijani. Tepu nyeusi peke yake ni nguo, siyo koti la mvua. Bana kiungo kwa koleo lenyewe la kubania, vika mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, kwenye ethi paka grisi. Mafundi wa boti wana waya ambao nyuzi zake zimepakwa bati, ukipata huo nunua bila kuuliza.

Wa Newala na Tandahimba hawana chumvi, wao wana salfa. Gari linalobeba mifuko ya salfa ya mikorosho msimu wa kupuliza, vumbi lake linabaki kwenye kapeti na kuifanya shaba iwe nyeusi. Nimeshakuta waya mzima unapukutika mkononi kama majivu ya kanga. Safisha gari kabla hujaja kwangu, tafadhali, napiga chafya wiki nzima.

Nifunge mchezo upi, yaani mtindo wa kuwaka? Taa ina michezo 18.

Mmoja, wa polepole. Ule wa kupepesa haraka kama disko inamtia kiwi dereva anayekuja na kumnyima kuona watu walio kando ya gari lako. Usiku punguza mwanga kama taa ina uwezo huo. Ukiegesha umetazamana na magari, zima taa zako kubwa za mbele. Hili nimelirudia vikaoni hadi nimechoka: watu wanafunga taa ya tahadhari ya gharama, kisha wanaacha fulu laiti inampofusha dereva wa lori.

King'ora kidogo tu, cha kupisha?

Hapana.

Gari langu ni la volti 24.

Malori na baadhi ya magari makubwa ya dizeli ndivyo yalivyo. Soma kwenye taa: ikiandikwa 12–24V, sawa. Ikiwa ni 12 tu, usichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Hiyo moja itachoka na kuiua nyingine. Kuna kifaa cha kushusha volti, tumia hicho.

Bodaboda je?

Reflekta mwilini, tochi ya kichwani, karatasi za kung'aa. Betri yake ni ndogo, iache iwashe pikipiki.

Kampuni ya bima ikijua?

Ijue kutoka kwako. Waandikie kwamba umeongeza taa na nani kafunga. Moto ukianzia kwenye waya ambao hukuwahi kuutaja, umewapa sababu ya kukataa kulipa.

Kuna kitu kingine kikae kwenye gari?

Mtungi wa kuzimia moto ulio hai, siyo wa stika tu. Pembetatu, na iwekwe mbali nyuma ya gari. Wengi wanaiegemeza kwenye bampa kama pambo. Reflekta za watu wote mnaokwenda nao. Na kabla hamjatoka, mmoja apige 114, namba ya zimamoto, hata kama mnaona mtaumaliza wenyewe. Moto wa ghala siyo wa kwenu: salfa ikiungua hutoa gesi inayokaba koo na kuchoma macho, na maganda ya korosho yana mafuta yanayowaka kwa ukali. Pale kazi yenu ni kusimama barabarani na taa zenu, kuzuia magari na watazamaji, na kuwaachia njia wenye mitungi ya hewa mgongoni.

Nikiuza gari?

Vua taa, vua rilei, vua waya wote hadi kwenye betri. Usiukate ukauacha ukining'inia. Tundu la paani lizibe kwa silikoni, pande zote mbili. Yupo mmoja hakuziba. Mvua za Januari zikaingia hadi kwenye siti, na mnunuzi hakumpigia yeye, alinipigia mimi, maana namba yangu ya gereji ilikuwa bado imebandikwa kwenye boksi la fyuzi.